Mume wa Mama Yangu Ana Miaka Sita

Wiki jana tuliachana mimi nikiwa Mikinduri, nimemkaba wakala Bundi kola ya shati, naye anaapa kwa jina la mama yake kwamba shule aliyonitafutia iko Doha na ina nafasi tele. Sasa sikieni. Shule iko. Iko Doha kweli. Nafasi pia zipo. Ila ni shule ya kufunza mwewe kuwinda.

Mwewe, ndugu zangu! Wale ndege wa kunyakua vifaranga. Eti huko wanavalishwa kofia ndogo ya ngozi, wanakaa kwa mstari, wanafunzwa. Bundi aliona picha ya lango zuri, akaona neno shule, akaja kula mbuzi wangu na kuniambia nianze kutafuta viatu vya watoto.

Kwa yule anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, pole, umenipata njiani. Mimi ni Ireri, mtu wa Runyenjes, nauza dawa za mifugo. Mke wangu Lydiah ni binti wa watu wa Nkubu, na ni nesi. Alipata kazi hospitali moja huko Doha akatangulia. Sasa mwajiri wake amekubali nimfuate na watoto wetu wawili, Ngari na Wawira, ila kwa sharti kwamba watoto wawe na shule kabla viza haijatoka. Shule ya Waingereza tuliuliza, tukatajiwa karo, Lydiah akameza dawa ya kichwa. Na muda unaisha Ijumaa.

Tukikosa shule, watoto wanabaki huku na mama yao anabaki huko. Hilo ndilo linaloniua. Wawira, aliye na miaka minne, amezoea mama yake kuwa kitu cha ndani ya simu. Juzi nilimpata akiinywesha simu uji kwa kijiko. Nilicheka sana, kisha nikaenda nyuma ya duka, kati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe, nikalia kama mtu aliyefiwa.

Jumatatu Lydiah akapiga.

"Baba Ngari, nimepata shule."

"Ya ndege gani?"

"Wacha ujinga! Ni ya Wahindi. Watoto wa mwenzangu wa wodi wanasoma hapo. Mwajiri analipia mmoja, na wa pili akija pamoja na ndugu yake wanatukatia nusu. Tunaiweza, Baba Ngari. Tunaiweza kabisa!"

Nilikaa chini juu ya gunia. Nilikuwa nimesahau neno hilo.

"Kuna mahojiano ya vidio Alhamisi," akaendelea. "Madam mkuu mwenyewe ndiye anahoji. Ngari akipita, Wawira anaingia naye bila maswali. Na nikwambie kitu kimoja."

"Sema."

"Usifanyie kwa mama yako."

"Kwani kwa mama kuna nini?"

"Wewe unajua kuna nini."

Nilikuwa najua. Na wewe lazima nikueleze, la sivyo utaniona mwendawazimu huko mbele.

Kwetu Embu, mvulana wa kwanza huitwa jina la babu yake mzaa baba, na msichana wa kwanza la nyanya yake mzaa baba. Hapo usidhani ni jina tu, kama nembo ya kubandika kwa daftari. Mtoto anachukua kiti kizima. Baba yangu, Mzee Ngari, alifariki. Mwaka uliofuata nikapata mtoto wa kiume, naye akawa Ngari, na mama yangu akapangusa machozi akasema mume wake amerudi. Tangu siku hiyo hamwiti jina. Anamwita "mume wangu".

Nyumba nyingi huishia kwa utani. Nyanya anamtania mjukuu, mjukuu anacheka, maisha yanaendelea. Lakini mama yangu, Susan Wawira, hafanyi kitu nusu. Kuku akichinjwa, Ngari ndiye anapewa firigisi, mimi baba mzazi napewa shingo. Bakora ya marehemu ilikatwa ikatoshana naye. Kigoda cha marehemu ni chake. Mama akitaka kuuza ndama anamwendea kwanza, na mwaka jana mtoto wa miaka mitano alikataa, na ndama yule yuko hapo mpaka leo, amekuwa fahali, anakula bure.

Na mimi pia simwiti Ngari. Namwita Baba. Dada yake alipewa jina la mama yangu, Wawira, kwa hiyo yeye namwita Mama. Mtu akipita nyumbani kwangu asikie, "Mama, toa kidole puani," asishangae. Huku hakuna anayeshangaa.

Shida ni kwamba sikumfikiria mtu wa Doha.

Alhamisi asubuhi nikawaogesha watoto, nikawapaka mafuta mpaka wakateleza, nikaweka simu mezani kwangu. Netiwaki hakuna. Nikaenda dukani, hakuna. Nikapanda juu ya meza ya duka, watu wakanitazama, hakuna. Mahali pa pekee ambapo netiwaki haijawahi kuniaibisha ni kwa mama, kule juu kwenye mgongo wa kilima, kando ya zizi la ng'ombe. Ungefanya nini wewe? Nilifanya hivyo hivyo.

Mama alikuwa ametayarika kuliko mimi. Alikuwa amefunga kitambaa chake cha kanisa cha akina mama, amefagia zizi, na amemvalisha Ngari koti la marehemu lililomfika kwenye vifundo vya miguu.

"Mama, lile koti litoke," nikasema.

"Mume wangu anaenda kuongea na wageni bila koti?"

"Mama, tafadhali. Na wewe ukae huko jikoni."

"Nikae jikoni mume wangu akiulizwa maswali! Ireri, umelelewa wapi?"

Nilitaka kumwambia nimelelewa hapo hapo, na yeye. Lakini simu ilikuwa imeanza kulia. Nikaifunga haraka juu ya mtungi wa maziwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikamsukuma Ngari mbele, nikamwonyesha mama kwa mkono arudi nyuma. Akarudi nyuma hatua moja. Akabaki anaonekana kuanzia kitambaa hadi kiuno.

Madam mkuu alikuwa mama wa makamo, sari ya kijani, miwani myembamba, uso wa mtu asiyepoteza wakati. Mahojiano yalikuwa ya Kiingereza, mimi nawapa kwa Kiswahili ili tusichoshane.

"Habari, Ngari."

"Nzuri, Madam. Habari ya watu wako?"

Madam akatabasamu. Akamwambia ahesabu. Ngari akahesabu mpaka akaombwa aache. Akamwuliza rangi, akazitaja zote, hata ya sari yake. Akamwuliza, "Ni mnyama gani anatupa maziwa?"

"Huyu," Ngari akasema, akageuza mtungi mzima simu ikatazama ng'ombe. "Anaitwa Mukiri. Alikunywa dawa ya minyoo juzi, kwa hiyo maziwa ya leo hatunywi. Usimkaribie nyuma."

Madam akacheka kwa sauti. Akaandika kitu. Ndugu zangu, mimi hapo nilijiona ndani ya ndege, nimefunga mkanda, naagiza soda.

"Vizuri sana, Ngari. Sasa niambie kuhusu familia yako."

"Nina mke," Ngari akasema.

Kalamu ya Madam ikasimama.

"Una nini?"

"Mke. Ni huyo hapo nyuma, mwenye kitambaa."

Mama hajui Kiingereza, lakini aliona anaonyeshwa. Akapunga mkono na kuinama kwa heshima, kama bibi arusi.

"Anatania, Madam!" nikaruka mbele. "Watoto, unajua watoto! Baba, nyamaza kidogo."

Madam akanitazama juu ya miwani.

"Mbona unamwita mtoto baba?"

"Kwa sababu... ni baba yangu."

Nilisikia maneno yakitoka na sikuweza kuyarudisha.

"Yeye ni mtoto wangu," Ngari akamsaidia Madam kuelewa, akinishika bega. "Anaitwa Ireri. Ni mtu mzuri, lakini ana hasira."

"Ngari, una miaka mingapi?"

"Sita. Lakini nilikuwa nimekufa kwanza."

"Ulikuwa umekufa?"

"Ndiyo. Nikazikwa pale." Akageuza mtungi tena, simu ikaonyesha kaburi la baba yangu, na msalaba, na mti wa avokado, na kuku anachakura juu yake. "Halafu nikarudi. Koti langu ni hili."

Nilihisi jasho likishuka mpaka kwenye soksi. Na hapo ndipo Wawira, ambaye nilikuwa nimemfungia jikoni na kipande cha ngwaci, aliamua kutoka. Akaja mbio, uso umejaa kiazi kitamu, akapanda juu ya goti langu kuona kuna nini.

"Mama, shuka!" nikasema.

Madam akafunga macho, akayafungua.

"Na huyu naye ni nani?"

"Mama yangu," nikasema kwa sauti ya chini.

"Na yule mzee wa kitambaa?"

"Huyo pia ni mama yangu."

"Kwa hiyo huyu mtoto wa kike na yule mzee..."

"Ni mtu mmoja, Madam, kwa njia fulani. Wacha nikueleze. Yaani, mume wa yule ni kaka ya huyu, lakini huyu si mke wake, mke wake ni yule, ingawa jina ni moja."

Sijui nilidhani namsaidia nani.

"Bwana Ireri," Madam akasema, na mdomo wake ulikuwa unatetemeka, "nipe muda kidogo. Lazima nitoke." Skrini ikawa nyeusi.

Mama akasogea. "Amempenda mume wangu?"

Nikamwonyesha skrini nyeusi. Simu ililia tena, nikadhani ni Madam, kumbe ni Lydiah.

"Imeenda aje?"

"Imeenda."

"Imeenda wapi? Baba Ngari, umefanyia kwa mama yako."

"Nani amekwambia?"

"Nasikia ng'ombe!"

Nikaanza kujitetea. Nikamweleza netiwaki, meza ya duka, mpira wa tyubu. Nilitegemea matusi ya Nkubu, yale yanayokuja yakiwa matatu matatu. Sikupata hata moja. Nilisikia tu anavuta pumzi.

"Ireri," akasema. Lydiah akiniita jina langu, jua mambo ni mazito. "Mimi nimechoka kuwa mama wa simu. Jana Wawira aliniuliza kama nina miguu. Nilisimama hapo chumbani, nikamwonyesha miguu. Unaelewa hiyo ni nini?"

Nilielewa. Nilimwangalia Mukiri naye akaniangalia, na wote wawili hatukuwa na msaada wowote. Lydiah akakata, zamu yake ilikuwa inaanza.

Sasa niseme ukweli wangu kwa wasomaji wangu. Nilikasirika. Nilimkasirikia Bundi na mwewe wake, nikaikasirikia netiwaki, nikamkasirikia marehemu baba yangu kwa kuacha koti. Nilikuwa natafuta kitu cha kupiga teke kisichoniumiza, wakati simu ilipolia mara ya tatu.

Ni Madam. Macho yake yalikuwa mekundu na miwani ameshika mkononi.

"Madam, naomba radhi," nikaanza. "Mtoto huyu hajaoa. Naapa. Hakuna mtoto ameoa katika ukoo wetu wote."

"Bwana Ireri, nyamaza," akasema. "Nilitoka kwa sababu nilikuwa nacheka. Mwalimu mkuu hawezi kucheka mbele ya mzazi kwa namna ile."

Nikabaki mdomo wazi.

"Kijijini kwetu, kule kusini mwa India," akasema, "mwanangu wa kwanza alipewa jina la baba mkwe wangu. Na mama mkwe wangu hawezi kutaja jina la mume wake, halijawahi kutoka mdomoni mwake. Basi mtoto hakuitwa jina nyumbani hata siku moja. Aliitwa 'wewe pale'. Siku ya kwanza shuleni mwalimu alimwuliza jina, akasema, 'Wewe Pale'. Mimi nawajua nyinyi. Nyinyi ni watu wangu."

"Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo nafasi ipo. Zote mbili."

Niliruka, ndugu zangu. Niliruka mzee mzima wa duka, nikapiga mtungi, mtungi ukabiringika, na Madam akaonyeshwa mbingu ya Embu, halafu kwato za Mukiri, halafu mbingu tena. Mama akapiga vigelegele bila kujua vya nini. Nilipousimamisha mtungi tena Madam alikuwa bado anacheka.

"Limebaki swali moja," akasema. "Huwa namwuliza kila mtoto, na sipokei mtoto bila jibu. Nimechoka na watoto wa kuburutwa, wanalia darasani mwaka mzima. Mzee Ngari, unataka kuja kwetu?"

Jibu nilikuwa nalo. Tulikuwa tumelifanyia mazoezi tangu Jumatatu, ndiyo Madam, nataka sana Madam. Nikamkonyeza. Ngari akasimama, akaegemea bakora yake, akafikiri.

"Lazima nimwulize mke wangu," akasema.

"Ni sawa kabisa," Madam akasema. "Nangoja."

Mimi sikuwa na wasiwasi. Mama ndiye aliyekuwa akisema kila siku, wapelekeni, waone dunia. Mama ndiye aliyewafumia sweta nzito za kwenda Doha, na nilipomwambia Doha kuna joto akasema joto la asubuhi au la jioni? Kwa hiyo nilikaa nikitabasamu. Ngari akavuta koti lake mpaka kwa Cucu, yaani nyanya yake, akasimama mbele yake, akamwuliza kwa Kiembu, kwa sauti yake ya kukataza ndama asiuzwe.

"Wananiita niende mbali kusoma. Niende au nisiende?"

Mama akamtazama. Alianza kucheka, kisha kicheko kikamshinda katikati. Akafungua kitambaa chake cha kanisa, akakishika mikononi, na nikaona nywele zake zimekuwa nyeupe zote. Sijui zilikuwa hivyo tangu lini.

"Mara ya kwanza," akasema, "ulisema unaenda kununua chumvi ya ng'ombe. Nikakwambia chukua koti, ukasema hutakawia. Hukuniuliza kama naweza kukaa peke yangu. Ukarudi umelazwa nyuma ya pikapu."

Ngari akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekumbuka.

"Leo umeniuliza," Mama akasema. "Basi nitakujibu. Sitaki uende."

Ngari akamgeukia Madam. Akavua kofia ambayo hakuwa nayo, aliinua tu mkono kichwani kama alivyoambiwa marehemu alikuwa akifanya.

"Mke wangu amekataa," akasema kwa Kiingereza safi. "Asante sana, Madam. Salimia watu wako."

Akabonyeza pale pekundu. Madam akapotea na sari yake. Ngari akarudi kwenye kigoda, akakaa, akaomba chai.

"Mama!" nikapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Si wewe uliwafumia sweta?"

"Sweta ni sweta."

"Si wewe ulisema waone dunia?"

"Nilisema kwa sababu mlikuwa mmeshaamua. Nilikuwa nakusaidia kujisikia vizuri. Yeye ameniuliza, nami nimemjibu. Wewe umewahi kuniuliza?"

"Kukuuliza! Mama, nilikwambia, tena mapema! Kuna mtu hupewa habari mapema kama wewe?"

"Ndiyo nasema. Uliniambia."

Hebu niambieni, hayo ni majibu? Nilizunguka zizi mara sijui ngapi. Nikarudi nikamwona Mama ameketi kwenye kigoda chake, ameshika kikombe cha chai ya Ngari akiipuliza ipoe, na machozi yanamwanguka ndani ya kikombe, na yeye anapuliza tu. Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtikisa. Kule Doha mke wangu anaonyesha miguu kwenye simu, na hapa mama yangu anaachwa na mume mara ya pili. Nani kati yao nimwambie avumilie?

Na unadhani simu ilinipa nafasi ya kufikiri? Ililia. Lydiah, amejificha dakika moja kutoka wodini. Nilikuwa na mkono mzito, na Wawira hakuwa nao. Akainyakua kutoka juu ya mtungi, akaishika kwa mikono yote miwili na vidole vyake vya ngwaci.

"Mum!"

"Mami wangu! Baba yuko wapi? Madam amesema nini?"

"Amesema tukuje."

Nilisikia Lydiah akipiga kelele ya furaha, na mtu huko nyuma yake akimwambia anyamaze, kuna wagonjwa.

"Lakini Cucu amesema tusikuje," Wawira akasema.

Furaha ikakatika. Nikasikia mashine ya hospitali ikilia tii, tii, huko kwao.

Nilinyoosha mkono nichukue simu. Wawira akanigeuzia mgongo.

"Lakini Mum," akasema, "si hata mimi ni Cucu?"

"Ndiyo, mami. Wewe ni Cucu."

"Basi mimi nimesema tunakuja."

Hakuna aliyecheka. Mtu wa Doha angecheka labda. Sisi tuliokuwa pale kando ya zizi tulijua mtoto hajafanya mzaha. Mimi mwenyewe nimemwita Mama tangu azaliwe, nimemsalimia kwa heshima ya mama, nimempa jina na kiti chake. Ningemwambia nini leo, kwamba kiti kile kilikuwa cha kuchezea?

Ngari akaweka kikombe chini. Alimtazama mke wake, akamtazama dada yake, na kwa mara ya kwanza Mzee hakuwa na hukumu.

"Ireri," sauti ya Lydiah ikatoka ndani ya mikono ya mtoto, polepole sana. "Hapo nyumbani nimsikize mama yako yupi?"

Kabla sijafungua mdomo simu ikaanza kutetemeka. Madam naye alikuwa anapiga tena, namba yake imejaa juu ya uso wa mke wangu.

Mama akainuka kutoka kwenye kigoda chake. Akafunga kitambaa cha kanisa vizuri, akapiga fundo, akamwendea yule mwenye jina lake. Akanyoosha mkono.

"Lete simu, Wawira."

Wawira akaificha mgongoni.

"Utamwambia nini Mum?"

Mama akasogea hatua moja. Mkono wake ulibaki umenyooshwa, na simu ikaendelea kulia.